Vitambaa vya mfarishi wa kwanza: anza na beseni, si mkasi

Mfarishi wangu wa kwanza, yaani tandiko la kujifunika la vipande vya nguo vilivyoungwa, niliushona kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu, na uliharibika siku ya kwanza ya kufuliwa. Nilichanganya kisutu kipya, ile khanga nyeupe, nyeusi na nyekundu anayopewa bibi harusi, na bafta nyeupe, ile pamba nyepesi isiyo na nakshi. Nilishona kwa mkono miezi miwili. Ulipotiwa majini, wekundu wa kisutu ulihamia kwenye bafta, tena bila mpango: mraba huu umekuwa wa waridi mzima, ule umebaki na doa katikati kama damu isiyofulika, wa pembeni mweupe vilevile. Mdogo wangu hakuniambia. Niliuona mwenyewe umeanikwa uani, nikasimama pale kwenye kamba nikiupapasa mshono kwa mshono. Hakuna uzi hata mmoja uliofumuka. Kosa nilikuwa nimelifanya dukani, kabla sijatunga uzi kwenye sindano.

Ndiyo maana siku hizi mtu akija kwangu hapa Jang'ombe, Unguja, akitaka kujifunza, sishiki mkasi. Namwambia alete vitambaa vyake na beseni la maji.

Wapo wanaodhani kuunga viraka ni kazi ya wageni. Leso yenyewe ilianza kwa kuungwa. Katika karne ya 19 vitambaa vya mkononi vyenye nakshi, ambavyo Wareno waliviita lenço, vilikuja pwani vikiwa jora zima, havijakatwa. Wanawake wa huku wakawa wananunua sita kwa mpigo, wanakata tatu tatu, kisha wanaunga tatu juu na tatu chini, inatoka nguo moja pana ya kujitanda. Wenye maduka walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Kupanga miraba ikapendeza ni jambo ambalo bibi zetu walilijua kabla ya khanga kuwa khanga.

Sasa tuingie kazini. Kwa mara ya kwanza shona wa mtoto mchanga, upana inchi 36 na urefu inchi 45. Utakata miraba ya inchi 5 kwa 5. Mshono ukila robo inchi kila upande, mraba unabaki inchi 4 na nusu, kwa hiyo minane inakupa upana na kumi inakupa urefu. Jumla miraba 80. Vitambaa vinane tofauti, miraba kumi kumi kila kimoja, vinatosha. Zaidi ya hapo mwanzoni unajitafutia kuchanganyikiwa. Pungufu ya vitano na kazi inaanza kufanana na shuka la dukani.

Usiombe robo yadi. Robo yadi ni inchi 9, nayo kwa kitambaa chenye upana wa inchi 44 inakupa safu moja tu ya miraba minane, na inchi nne zinabaki bure huku wewe bado unadaiwa miraba miwili. Omba nusu mita. Utapata safu tatu bila wasiwasi, hata kitambaa kikirudi, yaani kikipungua, kidogo baada ya kufuliwa, na yatakayobaki ni akiba ya mraba utakaoukata vibaya. Utaukata tu.

Kwa khanga hesabu ni tofauti, na kwangu ni tamu zaidi. Khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, na dukani unauziwa doti, yaani mbili. Moja ikate miraba, ya pili iache nzima iwe mgongo wa mfarishi. Ukifanya hivyo, uso na mgongo vinajuana tangu mwanzo.

Mimi hununua Mchangani, nikikosa nazunguka Darajani. Nenda asubuhi. Taa za ndani ya duka zina rangi yake, nyingine ya njano, nyingine ya buluu, na kitambaa kinachoonekana kahawia pale ndani ukikitoa nje unakuta ni zambarau. Mwombe muuzaji ruhusa usogee nacho mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Muuzaji mzuri hakatai.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kitambaa kimetengenezwa kwa nini. Vitenge vya siku hizi vingi vina poliesta ndani, na vinang'aa vizuri kuliko vya pamba. Juzi kijana mmoja dukani aliniambia, "Bi, hii pamba tupu, shika mwenyewe." Nikamjibu, "Nimeshika mwanangu, Mungu akubariki, sasa nipe uzi mmoja wa pembeni." Akanyofoa. Nilitoka nao nje nikauwasha kiberiti. Uzi wa pamba unawaka kama karatasi, unanuka karatasi, na majivu yake ukiyasugua vidoleni yanapotea kama unga. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Tulikiangalia pamoja, na nadhani yeye alishangaa kuliko mimi. Kitambaa cha aina hiyo ni kizuri kwa gauni. Kwenye mfarishi kinaleta taabu: hakirudi pale pamba inaporudi, pasi ya moto wa pamba inakiunguza, na mtoto akilalia anatoka jasho. Kwa sababu hiyo hiyo acha kitambaa cha mabuibui, na kile cha sare za shule kilichochanganywa.

La pili ni uzito. Hili ndilo watu hawalifikirii. Khanga ni nyepesi, kitenge ni kizito kidogo, marekani, ile pamba isiyopaushwa, nyingi ni nzito na mbichi, kikoi kimefumwa kwa nyuzi nene na kulegea. Ukiunga kikoi na khanga, kikoi kinavuta na khanga inapasuka kwenye mshono, hata kama umeshona kwa mkono wa dhahabu. Kwa mara ya kwanza kaa na ndugu wa karibu: khanga, bafta, kitenge chepesi, na mashati ya pamba ya mtumba, ambayo yamefuliwa mara nyingi mpaka yametulia na hayana tena siri. Kikunje kitambaa mara nne kiganjani, kisha ukunje na kingine kando yake. Mikono inajua kabla ya macho. Tena tia kiganja chini ya kitambaa cheupe: ukiona mistari ya kiganja chako, basi ujue na mshono wa ndani utaonekana, pengine hata khanga ya mgongo.

Khanga kuukuu zina mahali pake. Wengi hutaka kushona mfarishi kwa khanga za mama au bibi, na hakuna kitambaa laini kuliko hicho. Ila iinue juu, ielekee dirishani, uitazame kwa ndani. Sehemu zilizokaa kiunoni na mabegani zimechakaa, utaona nyuzi zimeachana kama wavu. Hapo usikate. Kata karibu na pindo, ambako nguo haikuguswa sana. Usione tabu kupata miraba sita tu kutoka khanga nzima. Hiyo sita ndiyo yenye uhai.

Sasa rangi, na hapa nitakawia kidogo.

Mtu mpya huchagua kwa kusema napenda nyekundu, napenda kijani, anachukua vinane vyote vikali, vyote vya kiasi kimoja. Akimaliza kushona, mfarishi unapiga kelele na miraba haionekani, imekuwa uji wa rangi. Kinachotenganisha mraba na mraba ni mwanga na kiza. Nyekundu iliyoiva na kijani kilichoiva zikikaa pamoja, kwa mbali zinakuwa kitu kimoja. Nyekundu ile ile ukiiweka kando ya maziwa au ya rangi ya mchanga, inasimama.

Njia yangu ni ya maghribi. Navitandika vitambaa barazani saa jua linapozama, nakaa upande wa pili, nangoja. Kiza kinapoingia rangi huondoka kwanza: nyekundu inakuwa kijivu, buluu inakuwa kijivu. Kinachobaki ni vyeupe, vya kati na vyeusi. Vikikataa kutengana, vyote vikawa kijivu kimoja, rudi dukani. Asiyeweza kungoja maghribi avipige picha kwa simu, kisha aigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Jibu ni lile lile, ila mimi napenda la barazani kwa sababu nakaa navyo muda mrefu, na nikikaa navyo muda mrefu naanza kuona kipi hakina raha.

Kwa vinane, chukua vitatu vya mwanga, vitatu vya kati, viwili vya kiza. Vya kiza vina nguvu, viwili vinatosha kabisa.

Baada ya mwanga, tazama nakshi. Mji wa khanga, yaani sehemu yake ya katikati, mara nyingi una maua makubwa au korosho kubwa kubwa, na kitenge kina mduara upana wa sahani. Dukani vinapendeza vikiwa vimetandazwa. Ukivikata inchi 5 unapata kipande cha jani, nusu ya korosho, kona ya kitu kisichojulikana. Si vibaya, pengine kipande kinapendeza kuliko nguo nzima, lakini ukijue kabla hujalipa. Kata karatasi ngumu, toboa katikati dirisha la inchi 4 na nusu kwa inchi 4 na nusu, tia mkobani. Ukifika dukani iweke juu ya kitambaa uitembeze. Unachokiona dirishani ndicho utakachokipata. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliacha kitenge nilichokuwa nimekitamani wiki nzima, nikanunua khanga ya vidoa vidogo vyeupe juu ya buluu ambayo hata sikuwa nimeiangalia.

Changanya ukubwa. Viwili vyenye nakshi kubwa, vitatu vyenye nakshi ndogo, vitatu visivyo na nakshi kabisa. Vile visivyo na nakshi watu huviona ni vya kujazia, wananunua kimoja kwa haya. Macho yanahitaji mahali pa kupumzika. Bafta nyeupe inakupa mwanga, marekani nyepesi ambayo haijapaushwa inakupa rangi ya nazi iliyokunwa ambayo inapatana na karibu kila kitu, na kaniki, ile nguo ya rangi moja ya kiza, inakupa kiza ambacho hakuna kitambaa chenye maua kinachoweza kukupa. Marekani iliitwa hivyo kwa sababu katika karne ya 19 ilikuja Unguja kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, nayo ilikuwa nguo ya watu wengi. Mimi huweka walau mraba mmoja wa marekani katika kila mfarishi, hata kama hauhitajiki.

Usipojua pa kuanzia, chagua kitambaa kimoja ukipendacho sana chenye rangi nne au tano, kiite mama. Vingine vyote vichague kutoka tumboni mwake: hii rangi ya jani lake, hii ya mstari mwembamba ambao hakuna anayeuona. Kitenge kinafaa kuwa mama kuliko khanga, kwa sababu khanga nyingi zina rangi mbili au tatu tu. Ila usilinganishe mpaka rangi zifanane kabisa. Buluu mbili zinazopishana kidogo zinaongea. Buluu mbili zilizo sawa zinanyamaza.

Umefika nyumbani. Sasa beseni.

Kila kitambaa peke yake, hata vile vya mwanga, hata vile ulivyoambiwa havichuji. Maji, sabuni kidogo, na kipande cha bafta nyeupe ukubwa wa kiganja kitumbukizwe humo humo. Acha nusu saa. Maji ya kaniki yatakuwa kama wino, usishtuke. Maji ya khanga nyekundu yatakuwa kama chai ya rosela. Mwaga, tia mapya, rudia. Kipimo ni kile kipande cheupe: siku kitakapotoka cheupe kama kilivyoingia, kitambaa kimesema kweli. Kaniki yangu ya mwisho ilihitaji maji mara tisa. Wako watakaokwambia utie chumvi au siki rangi ishike. Nimetia, nikapoteza chumvi yangu. Rangi iliyokaa juu ya nyuzi bila kushika ni ya kufuliwa mpaka iishe, na ikiwa haiishi, kitambaa hicho hakina nafasi kando ya cheupe. Kiweke kando, ushone mfuko wa sokoni.

Kufua kunakupa na faida nyingine mbili. Wanga wa dukani unatoka, nawe unakutana na kitambaa chenyewe. Khanga iliyokuwa ngumu kama karatasi unakuta ni nyepesi kama chandarua, na bora ukutane nayo sasa. Tena pamba hurudi. Katika yadi moja hupotea kama inchi moja, nyingine zaidi, na hazirudi sawa. Ukishona kabla ya kufua, kila mraba utarudi kwa namna yake na mfarishi utakunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa usingizini.

Anika kivulini. Jua letu la kaskazi linapausha khanga mpya kwa siku moja. Na wakati wa masika usikunje kitambaa chenye unyevu hata kidogo ukisema utakipiga pasi kesho, maana kesho kina kawa, na vile vidoa vyeusi havitoki.

Piga pasi kitambaa kikiwa na unyevunyevu kidogo, ukiikandamiza pasi na kuinyanyua. Usiiburute, inavuta kitambaa hanamu.

Kabla ya kukata khanga, itazame kwa makini upande wa pindo. Mara nyingi nakshi imechapwa upande upande, haifuati nyuzi. Chana kidogo pembeni uone uzi unakokwenda, mtande, yaani nyuzi za urefu, huku, na mshindio, nyuzi za upana, huku. Kwa nakshi ya maua fuata uzi, mraba hautavutika. Kwa mistari au miraba iliyochapwa fuata nakshi, kwa sababu jicho litauona upotovu wa mstari kila siku, na uzi hautauona. Jina la khanga, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake, mimi silikati vipande. Neno lililokatika katikati linamsumbua anayelitazama, anataka kulimaliza. Likiachwa zima kwenye mgongo, linasomeka. Ule nilioushona baada ya kuharibu wa kwanza una mgongo wenye jina "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na kwa vile khanga inalazwa kwa ubavu ili itoshe, jina linakwenda kwa urefu wa mfarishi, kichwani mpaka miguuni.

Ukishakata miraba 80, tandika mkeka, zima pangaboi, funga dirisha la upepo. Panga yote chini kabla ya kuunga hata miwili. Anza na vya kiza, kwa sababu ndivyo vinavyovuta macho: visambaze, visikusanyike kona moja. Kisha vya mwanga. Vya kati vinajaza penyewe. Panda juu ya kiti utazame kutoka juu. Badilisha viwili vitatu, shuka, panda tena. Halafu uache ulale. Najua mkeka unahitajika na watoto wanapita, hata hivyo uache. Asubuhi utaingia chumbani na jicho litakwenda moja kwa moja penye kosa. Ukiridhika, piga picha, kisha okota safu kwa safu, kila safu ibane kwa pini na karatasi yenye namba.

Katika kushona, robo inchi ndiyo amana yako. Unga miraba mitatu ya majaribio, upime wa katikati: ukiwa inchi 4 na nusu kamili, endelea. Ukiwa pungufu, mshono wako unakula sana, na tofauti ya uzi mmoja ukiizidisha mara kumi, safu hazitakutana. Kila mshono uulaze upande wa kitambaa cha kiza. Ukiulaza chini ya bafta utaona kivuli cha mstari daima.

Katikati usitie sufi. Sufi ni nzuri kwa mto, ila ikilowa inajikusanya mabonge, na mfarishi wa mtoto utafuliwa kila mara. Weka flaneli au blanketi jembamba la pamba lililochakaa, nalo pia lifuliwe kwanza. Kwa joto letu hilo linatosha hata usiku wa kipupwe.

Tandaza khanga ya mgongo kwanza, uso wake ukitazama mkeka, juu yake flaneli, juu kabisa miraba. Piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikilia, kuanzia katikati kwenda nje, hatua za upana wa kiganja, ndipo ushone mistari yako ya kudumu. Khanga zilizofuliwa sana zinafanana nyuma na mbele, kwa hiyo kabla ya bandi ya kwanza kunjua upindo mmoja, inama, usome jina. Herufi zikiwa zinakwenda kinyume, geuza.